Saa Kumi Iliyotoka Saa Nne

Siku mliyoniaga, meneja alisimama akasema kwamba miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa roho ya ratiba ya kituo chetu. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na keki, na nyuma ya kichwa chake ukutani niliiona karatasi ya ratiba ya siku ile. Nikaisoma kwa mazoea. Ilikuwa na makosa matatu. Nikakata keki. Mtu hasahihishi karatasi siku ya kuagwa kwake, ataonekana ana chuki.

Chuki ninayo, lakini si na karatasi. Nawaandikia ninyi mliobaki katika kile chumba, hasa mliokuja juzijuzi na mnaoona kwamba ratiba ya vipindi ni kazi ya kumpa mtu asiyejua kitu kingine. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara nao tuuache huko ulikolala. Nataka niseme kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu niwaambie habari ya Bi Somoe wa Njinjo, ambayo wengine mliisikia nusunusu na mkaicheka.

Nilipoanza, kituo kilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko la Kilwa Masoko. Chumba cha kwanza kilikaa mitambo. Cha pili tulikaa sisi wengine wote, pamoja na jiko la mafuta ya taa na baiskeli ya mlinzi. Nilikuwa nimejifunza kupiga chapa Lindi mjini, na ndiyo sababu pekee ya kuchukuliwa. Walinipa taipureta ambayo herufi yake ya K ilikuwa inaruka juu ya mstari, kwa hiyo kila ratiba niliyopiga, Kilwa ilionekana kama imeshtuka.

Aliyenipokea ni Mzee Bakari. Zamani alikuwa karani wa bandari ya Lindi, kazi yake ikiwa kuandika ubaoni meli ipi inaingia na saa ngapi. Hakunipa maelezo marefu. Aliniwekea mezani kanda nne za video na saa yake ya mkononi.

"Hizi zimeandikwa nusu saa nusu saa," akasema. "Zitazame zote mpaka mwisho, uniambie."

Nilizitazama. Moja ilikuwa dakika ishirini na mbili, moja arobaini, moja ilikatika katikati ya wimbo, na ya nne ilikuwa harusi ya mtu.

"Umeona," akasema. "Aliyeandika juu ya kanda hakuitazama. Na aliyepanga ratiba kafuata kilichoandikwa juu ya kanda. Na mtu kule nyumbani kafuata ratiba. Sasa mjinga ni nani hapo?"

Nikasema ni aliyeandika juu ya kanda.

"Ni wewe," akasema. "Kwa sababu wewe ndiye wa mwisho kuigusa."

Siku ile ile ya kwanza nilipiga ratiba yangu ya kwanza, tukaidurufu, tukachemsha gundi ya unga wa muhogo, tukaenda kubandika. Tulikuwa na mbao sita: sokoni, lango la hospitali, stendi ya Nangurukuru, na nyingine. Ya Somanga tuliituma kwa basi, kondakta akaiacha kwa mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Niliandika: saa moja jioni, Mafundisho ya Dini. Jioni nikapita mbele ya duka moja lenye televisheni, nikamkuta mwalimu wa madrasa amewapanga wanafunzi wake kwenye mkeka, wasichana huku, wavulana huku, wote kimya. Saa moja ikafika. Wakatokea wanaume wawili wenye chupi za kung'aa wakaanza kunyanyuana na kubwagana. Mwalimu alikunja mkeka wake pole pole. Alipopita karibu yangu alisema, bila kujua mimi ni nani, "Hawa watu huandika wanachoota."

Nilimwambia Mzee Bakari asubuhi yake, nikidhani atanipoza. Akaniuliza, "Uliitazama kanda?" Niliitazama. Kanda ilikuwa sawa. Mtu wa mitambo ndiye aliyechukua nyingine kwa sababu ilikuwa karibu na mkono wake. "Basi kesho," akasema, "ukimaliza kubandika, rudi ukakae naye mpaka ubonyezwe mtambo."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Andika, bandika, kisha ukae uone kama kweli kimetoka. Tulikuwa na daftari: kushoto kilichoahidiwa, kulia kilichotoka. Pande mbili zikilingana unatia alama. Mwezi wa kwanza alama zangu zilikuwa chache kiasi kwamba niliona haya kulifungua.

Jambo jingine alilonifundisha ni kusimama mbele ya ubao kama mpita njia. Ukisimama pale unasikia watu wanavyosema. Ndipo nilipojua kwamba majina tunayowapa vipindi hakuna anayeyatumia. Sisi tunaandika "Jarida la Afya ya Jamii", wao wanasema "kile cha yule nesi". Nikaanza kuandika kwenye mabano: cha nesi. Meneja wa wakati ule alikasirika, akasema nashusha hadhi ya kituo. Hadhi yenyewe ilikuwa inashikwa na gundi ya muhogo.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa ya Ramadhani. Ramadhani ile iliangukia mwishoni mwa mwaka, joto la kuungua. Meneja alipata ratiba ya adhana iliyotoka Dar es Salaam, akaagiza tuirushe adhana ya magharibi kwa saa hizo. Mzee Bakari akamwambia kwamba jua la Dar si jua la Kilwa. Meneja akauliza tofauti ni dakika ngapi, akaambiwa kama tatu hivi. Akacheka.

Siku ya pili ya mfungo, nyumba zote zenye televisheni zilifuturu kwa adhana yetu. Watu wamekwisha tia tende mdomoni na kupiga mafunda mawili ya uji, ndipo muadhini wa msikiti wa mtaa akaanza kuadhini. Nilikuwa kwa dada yangu. Nakumbuka shemeji yangu alivyoganda na kikombe mkononi, akanitazama mimi, si televisheni.

Kesho yake imamu alikuja ofisini. Hakupaza sauti.

"Ni dakika tatu tu, shehe," meneja akasema.

"Ndugu yangu," imamu akamjibu, "dakika tatu zinaonekana ndogo kwako uliyekula mchana. Kuna wazee humu mitaani wameifunga siku nzima kwa jua hili, na sasa itawabidi waifunge upya. Nenda ukawafungie wewe."

Toka siku hiyo nilikuwa naandika, "Adhana: kwa saa ya msikiti wetu," na nilikuwa napiga simu msikitini kila jioni kabla mtambo haujabonyezwa. Nilifanya hivyo kwa miaka. Sidhani kama kuna aliyejua, na sasa kwa kuwa mimi sipo, sijui nani anapiga. Nadhani hakuna.

Mzee Bakari macho yalimshinda, akarudi kwao Pande. Baada yake nilibaki peke yangu na daftari. Nilizoea kuitwa Mama Ratiba, sokoni na hata kwenye misiba. Kwenye misiba watu walikuwa wananisogelea wakiwa bado na nyuso za msiba, wananong'ona, "Mama Ratiba, mechi ni saa ngapi?" Nikiwaambia, na mechi isitoke, mimi ndiye niliyekuwa natukanwa. Meneja hakuwahi kutukanwa na mtu sokoni. Alikuwa anamtuma dereva kumnunulia samaki.

Mameneja walibadilika. Mmoja alikuwa na dawa yake: "Kama hujui kitakachotoka, andika 'Burudani'. Hakuna atakayekushitaki." Mwingine alipenda neno "Marudio". Kuna wiki moja ratiba yetu ilikuwa na Burudani kumi na saba, na nilipokataa kuibandika, yule wa 'Burudani' aliniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nilipompelekea daftari langu, kushoto na kulia, alilifunua kurasa mbili akalifunga. "Mama," akasema, "unajitafutia presha. Watu wanawasha televisheni, wanatazama kilichopo. Nani anasoma ratiba?"

Nilichukua daftari langu nikatoka. Jibu lilikuja baadaye, likiwa limevaa kanga mpya.

Kisha ikaja kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Taipureta ile ilinitoa malengelenge. Ugomvi wangu ni saa yake. Sisi saa yetu ya kwanza inaanza jua likichomoza. Saa moja ni asubuhi, saa sita jua la utosi, saa kumi watu wametoka shambani wameoga. Kompyuta inahesabu toka katikati ya usiku. Saa kumi yetu ya jioni yeye anaiita kumi na sita. Na ukimwandikia kumi, yeye anajua ni saa nne asubuhi, na hiyo saa nne ndiyo atakayokitoa kipindi chako, wala hatauliza.

Waliokuja na mtambo ule walikuwa vijana waliosoma, wana haraka. Mimi nawapa karatasi: saa kumi jioni. Wao wanabonyeza kumi. Miezi ya mwanzo vipindi vilikuwa vinaruka ovyo, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikatoka saa mbili usiku kweli, lakini ya kompyuta, yaani saa nane yetu, wakati wa Kilwa nzima kulala. Niliandika jedwali kwa kalamu nyekundu, saa yetu na saa ya kompyuta, nikalibandika pembeni ya kioo cha kompyuta. Baada ya wiki nililikuta kwenye ndoo ya takataka. Niliambiwa linachafua ofisi. Nikabandika jingine. Nalo likaondoka.

Neno la siri la kuingilia mtambo sikupewa. Nilikuwa natazama tu, kama mgeni anayetazama sufuria ya mwenzake ikiungua.

Miaka miwili kabla sijastaafu tulikuwa na kipindi cha wazee. Dadi, mpiga picha wetu, alikuwa anakwenda vijijini na kamera moja, anamkalisha mzee, anamuuliza maisha yake. Dadi ndiye aliyekuwa anapiga picha, anauliza na anakatakata mwenyewe, maana tulikuwa hatuna mtu mwingine. Kilikuwa kipindi kizuri. Ndicho pekee nilichokuwa nakitazama bila daftari.

Alikwenda Njinjo, akamkalisha Mzee Selemani, mkulima wa ufuta na mtama aliyeishi kule bondeni maisha yake yote. Wiki chache baadaye Mzee Selemani akafariki, kabla kipindi hakijatoka. Sisi hatukujua. Tulijua siku simu ya ofisini ilipolia na nikaipokea mimi.

"Naongea na televisheni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi mke wa marehemu Selemani, wa Njinjo. Mlikuja mkampiga picha mume wangu."

Nikampa pole. Akaipokea, akaendelea moja kwa moja. Jina lake Bi Somoe. Siku Dadi alipokwenda, yeye hakuwepo. Alikuwa Somanga kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi majirani wakamwambia mzee ameongea vizuri sana, na kwamba alimtaja.

"Alisema nini, mama?"

"Ndiyo nataka kujua. Wao walisimama mbali, wanasema alinitaja jina kisha akacheka, na huyo kijana wa kamera akacheka. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia subiri utaona kwenye televisheni. Alikuwa mtu wa masihara. Sasa kafa. Picha yake ninayo, ya kadi ya kupigia kura. Sauti sina."

Nikamfungulia ratiba, nikamwambia Jumamosi, saa kumi jioni. Akaniuliza mara mbili. Nikamwambia mara mbili. Akasema nyumbani kwao hakuna televisheni inayotupata, atakuja Masoko. Nikamwambia aje hapa hapa ofisini, pale mapokezi tuna televisheni kubwa na mabenchi.

Ijumaa mchana nilipita nyuma ya kijana aliyekuwa anaingiza vipindi vya kesho. Nikaona kwenye kioo: Wazee, 10:00.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni saa nne asubuhi. Kipindi ni saa kumi jioni."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama, kumi."

Nikaenda kwa meneja. Alikuwa kwenye simu. Aliziba simu kwa kiganja, akanisikiliza nusu. "Mama Ratiba, kompyuta haikosei," akasema. "Ni kitu kimoja hicho. Wamezoea sasa." Akarudi kwenye simu yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapowaandikia. Ningeweza kurudi kwa yule kijana, nikasimama nyuma yake mpaka abadilishe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Ningeweza kumpigia Bi Somoe nikamwambia aje toka asubuhi, akae siku nzima, asikikose kwa saa yoyote kati ya hizo mbili. Namba yake niliiandika mwenyewe. Lakini ilikuwa Ijumaa, miguu inaniuma, nilikuwa nimegombana na watu wale wiki nzima kuhusu mambo kama hayo hayo, na nilichoka kuwa bibi kizee mkorofi wa ofisi. Nikajiambia, labda kweli wamezoea. Nikachukua pochi yangu nikaenda zangu.

Jumamosi zamu yangu ilikuwa ya mchana. Saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani uani nakuna nazi. Televisheni yangu ilikuwa imezimwa.

Nilipofika ofisini saa nane niliwakuta tayari. Walikuwa tisa: Bi Somoe, mabinti zake wawili, wajukuu, na mzee mmoja jirani aliyeshuhudia siku ile. Walikuwa wamekuja na lori la ufuta mpaka Nangurukuru, kutoka pale wakapata gari dogo. Wameoga mahali, wamebadilisha nguo. Bi Somoe alivaa kanga mpya, bado ina mkunjo wa dukani. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikaa mbele kabisa mikono magotini kama mtu aliyeitwa barazani.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeongea nawe."

"Marahaba. Nimekuja mapema nisije nikakuangusha," akasema.

Niliwaletea maji. Jirani aliwaambia wajukuu wakae kimya, babu yao anakuja. Saa kumi kasoro dakika mbili Bi Somoe alijifunga kanga vizuri kichwani. Saa kumi ikafika, ikatokea marudio ya muziki. Wasichana wanne wanakata kiuno kando ya bwawa la kuogelea.

Wote waliendelea kutazama. Walidhani ni tangazo, kwamba linapita. Mimi nilikuwa nimeshajua. Niliingia chumba cha mitambo, nikamwambia kijana anifungulie orodha ya vilivyotoka. Kipindi kilikuwa kimetoka asubuhi, saa nne kamili, kikaisha saa nne na nusu. Mzee Selemani alimtaja mke wake mbele ya Kilwa yote wakati mke wake yuko juu ya magunia ya ufuta, njiani, anamkimbilia.

"Kirudie," nikamwambia kijana. "Kiweke sasa hivi, utoe hao wasichana."

Akatafuta. Akatafuta tena. Akaniambia mtambo umepangwa kufuta vilivyokwisha toka, kwa sababu nafasi ni ndogo. Kilishafutwa. Tukampigia Dadi: kadi ya kamera alikuwa ameshairekodia mkutano wa hadhara, juu ya picha za mzee. Nikampigia meneja. Akasema, "Si kimetoka lakini? Basi kimetoka."

Nilirudi mapokezi. Nilimwambia Bi Somoe ukweli wote, hata wa Ijumaa. Sikumficha kwamba niliona. Mabinti zake wakaanza kunisema, na walikuwa na haki. Yeye akawanyamazisha kwa mkono.

"Uliiona jana?" akaniuliza.

"Niliiona, mama."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyehakikisha jambo. Akainuka, akawakusanya wajukuu. Mlangoni akageuka. Nilidhani atanilaani, na ningeshukuru. Akasema tu, "Yule mama anayeuza maandazi hapo nje anasema alimwona asubuhi. Anasema mzee mmoja mwenye kofia, aliongea vizuri sana. Hakumbuki alisema nini." Wakaondoka.

Niliomba kituo kimwombe radhi hewani. Meneja akasema tukianza kuomba radhi hatutamaliza. Hapo alisema kweli, pengine mara yake ya pekee. Kile kisa kikageuka masihara ya ofisi: mtu akichelewa kazini anasema, "Mimi nimekuja kwa saa ya kompyuta." Mmecheka wengi. Nimewasikia.

Nilimtafuta kila mtu aliyekuwa macho asubuhi ile. Niliuliza mitaani, niliuliza Kivinje, Somanga nilimuuliza mama wa mgahawa na wateja wake. Wapo waliomwona, hakuna aliyemsikiliza. Televisheni asubuhi ni kitu cha kuwashwa mtu akifagia. Dadi mwenyewe hakukumbuka. Alikuwa amekalisha wazee karibu thelathini. "Mama, kila mzee anamtaja mkewe," aliniambia. Baadaye aliacha kazi, akaenda Lindi kupiga picha za harusi.

Nilistaafu. Wiki ileile nilipanda basi nikaenda Lindi kumtafuta Dadi dukani kwake. Nilimwambia simwondokei mpaka afungue kila kitu alichonacho, simu za zamani, kadi, vyote. Alikasirika, kisha akaona sitanii, akafungua. Tulikaa siku mbili. Siku ya pili, kwenye simu iliyopasuka kioo, tukakuta kipande kifupi, hata dakika hakifiki. Alikuwa anajaribu maikrofoni kwa simu kabla ya kuwasha kamera. Njinjo. Mzee Selemani.

Nilikwenda Njinjo nikiwa na kipande hicho kwenye simu yangu. Nilimkuta Bi Somoe nyuma ya nyumba anapepeta ufuta. Aliniona, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutembea au umetumwa?"

"Sijatumwa na mtu. Nimestaafu." Nikamweleza nilichopata, na nikamwambia mapema kabisa kwamba si kile anachokitaka, asije akajenga tumaini. Akafuta mikono, akakaa. Binti yake mkubwa akaja akasimama nyuma. Nikawasha.

Mzee amekaa kwenye kiti cha kamba, anaweka kofia sawa. Sauti ya Dadi inasema, "Sema chochote, mzee, nisikie sauti."

"Niseme nini?"

"Chochote. Leo umekula nini?"

"Sijala. Mwenye kupika kaenda Somanga kulea. Hapa ninavyokuona wewe nakuona kama muhogo." Anacheka. Kikohozi kidogo. Kisha anaitazama simu sawasawa, anauliza, "Nianze sasa?"

"Bado, mzee, subiri."

Kinakatika.

Bi Somoe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Akaondoa kanga.

"Mwongo huyu," akasema. "Nilimwachia ugali na mboga ya siku mbili. Alikula kwa nani? Mwongo." Kisha akanigeukia. "Na baadaye alisema nini?"

"Sijui, mama. Nimetafuta. Hakuna anayejua."

"Basi hutajua, na mimi sitajua."

"Ndiyo."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Nilimhamishia binti yake kile kipande kwenye simu yake, nikamwonyesha jinsi ya kukiwasha. Bi Somoe akataka tena. Na tena. Mara ya tatu akamwambia binti yake akizime kabla yule kijana hajajibu. Hataki kusikia mume wake anaambiwa asubiri. Binti akajaribu, akachelewa, sauti ya Dadi ikatoka nusu. Wakarudia. Mara hii mzee alicheka, akakohoa, akatutazama.

"Nianze sasa?"

"Anza," Bi Somoe akamjibu, na binti akazima.